Mizigo Minane

Mjini Mbale chumba cha kupanga
hakiitwi chumba. Kinaitwa muzigo,
neno la Waganda lililopanda basi likashukia kwetu,
na sisi tunaojua Kiswahili twalisikia mara mbili.
Baba alipokufa aliniachia minane,
mstari mmoja kule Namakwekwe,
na daftari la jalada jekundu
lenye majina upande wa kushoto
na madeni upande wa kulia.

Nililisoma upande wa kulia tu.

Namba moja, elfu themanini. Namba mbili, kalipa nusu.
Namba sita, Khainza, muuza malewa,
miezi miwili na siku tisa.
Dalali wangu Wabomba akaninong'oneza:
"Mpangaji ni kunguni. Ukimwonea haya, anazaa."
Nikacheka. Nikadhani ni hekima.
Nikanunua kufuli, zito kama ngumi ya mtoto.

Khainza alipoleta habari za paa
nilimjibu macho yakiwa kwenye simu:
"Mvua haijui kusoma namba za milango.
Mbona wenzako hawalalamiki?"
Wenzake walikuwa wamechoka kulalamika.
Daftari halikuwa na safu ya hilo.

Nikaenda jioni, kufuli mfukoni,
nimngoje atoke kuuza, nifunge.
Mara Wanale ukapotea wote, mwamba na miti,
na mvua ikateremka kwetu kwa miguu.
Njia ikawa mto.
Mwenye bodaboda akakataa hata elfu kumi.
Nikajisweka namba tano,
chumba ambacho juma lile lile
nilimwapia mtu kuwa hakina tatizo hata moja.

Tone la kwanza lilinipata shingoni.
La pili likaangukia jina la baba kwenye jalada.
Nikasogea kushoto, likanifuata.
Nikasogea kulia, lilikuwa na ndugu huko.
Umeme ukakatika,
na ukutani, upande wa namba sita, pakabishwa.

"Jirani! Jirani mgeni!
Usilale upande wa dirisha.
Sogea mlangoni, hapo pana ukavu kidogo.
Na nje kwenye ndoano kuna beseni la bluu, lichukue.
Maji yakifika pingili ya pili, mwaga, ulale tena."

Nikajiziba mdomo. Sauti yangu angeijua.

"Mwenye nyumba si mbaya sana," akaendelea,
kama mtu anayemfariji mtoto wa mwenzake.
"Hajawahi kulala humu tu, basi."

Nililichukua beseni.
Usiku ule niliamka mara saba kumwaga maji,
na kila nilipoinama
kufuli lilinigonga paja.

Sikugeuka mtakatifu. Kodi ni kodi,
na benki haipokei huruma dirishani.
Khainza alilipa, kidogo kidogo, mpaka deni likaisha,
na siku ya mwisho akaniongeza fungu la malewa.
Lakini mabati mapya nilipanda kuyapiga mwenyewe,
misumari mdomoni, Wanale mgongoni,
na kutoka kule juu nikaona nyuzi za nguo,
majiko, viatu vya shule vimeanikwa,
watu ambao kwa miaka mitatu
nilikuwa nikiwajumlisha.

Daftari nimelichora safu ya katikati:
panapovuja, kitasa kilichokufa, nani amejifungua.
Wabomba anasema nimeiharibu biashara.
Ila tangu hapo chumba hakijakaa kitupu wiki mbili,
na sijamwambia sababu,
asije akaigeuza mbinu.
Kufuli nalo lina kazi:
linalinda sanduku la nyundo.

Juzi Khainza, akihesabu noti zake polepole,
akaniuliza:
"Yule wa namba tano, wa usiku ule wa mvua,
yule asiyejibu salamu, alihamia wapi?"

Nikautazama mlango.
Beseni bado lilikuwa kwenye ndoano yake.

"Hajahama," nikasema.